Tumbawe Langoni

Mwaka wa 1957, Hali ya Hatari ya wakoloni ikiwa bado haijaondolewa, baba yangu Theuri alirudi Nyeri kutoka kizuizini katika kisiwa cha pwani. Hakuleta kitu ila kipande cha tumbawe, jiwe jeupe la baharini lenye matundu kama sega la nyuki. Huko walikuwa wakivunjishwa miamba ya namna hiyo.

"Liliwahi kuwa hai," aliniambia. "Vidudu vidogo hulijenga, kizazi juu ya kizazi."

Tangu hapo nilitaka kusoma elimu ya viumbe, nifike kule lilikozaliwa. Nilipopata nafasi Makerere, ilibaki ruhusa ya kusafiri, nayo ilikuwa mikononi mwa Nderitu, mkuu wa kijiji chetu kilichozungushiwa mtaro na vigingi vyenye ncha. Alipekua kikapu changu langoni, mbele ya wanawake waliotoka kuchimba mtaro huo, akaliinua tumbawe nililopewa na baba.

"Githathi," akasema. "Jiwe la kiapo. Kiri kwamba baba yako huwaapisha watu kwalo waipinge serikali, nami nitatia sahihi sasa hivi."

Kwa neno moja tu baba angerudishwa kizuizini, nami ningekwenda chuoni kwa kumkanyaga.

"Mzee," nikasema, "kama ni githathi, mbona umelishika kwa mkono mtupu?"

Hakuna Mgikuyu asiyejua kwamba githathi haliguswi. Anayeapa hupitisha ubua wa nyasi matunduni, akiogopa laana isiue jamaa zake wote.

"Labda mkuu amechoka na jamaa zake," akasema jirani yetu Watiri, akiegemea jembe. "Ati hata jana aligombana na wake zake."

Wanawake wakacheka. Khisa, polisi kutoka magharibi aliyekuwa zamu, akakohoa. "Mkuu, mpe msichana karatasi yake. Lango limejaa."

Nderitu alitia sahihi, kisha akalirusha tumbawe mtaroni, likapasukia vigingini. Angekuwa amekosea kwa kutojua, ningemsamehe. Lakini alijua si githathi tangu alipoliinua.

Hapa chuoni mwalimu wangu huuliza kwa nini binti wa mlimani anataka kuchunguza matumbawe. Simtajii Nderitu. Namjibu kwamba nataka kuyaona kabla hayajavunjwa.