Alichonificha Mwalimu Sosthenes

Watu walicheka msibani, nami nikacheka nao, kabla sijaelewa kwamba tunayemcheka ni mimi.

Aliyetuchekesha ni mzee Ambrosi, aliyeshika saa ya mazoezi miaka yote ambayo Mwalimu Sosthenes alifundisha mbio hapa Ipogolo. Alisimama mbele ya jeneza na kipaza sauti, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, akitaka watu wajue marehemu alikuwa na akili kiasi gani.

"Mnaikumbuka ile nusu marathoni ya Mbeya?" akauliza. "Nafasi ya timu ya taifa ilikuwa moja tu. Mwalimu akamtanguliza Paskalina awavute wale wasichana wa Arusha mpaka wachoke, halafu Bupe, alikuwa kajificha nyuma, akawamaliza! Mtu na akili zake yule!"

Turubai lote likaangua kicheko. Paskalina ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ile, kwenye baridi ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye meno, Mwalimu alipiga goti akanifunga kamba za viatu kwa mikono yake mwenyewe. "Mbio hizi ni zako," aliniambia. "Usimsubiri mtu. Ukifika Mbalizi wasikuone hata mgongo."

Basi nikaenda. Nilikwenda kama mtu aliyeambiwa nyumbani kwao kunaungua. Nikageuza pale Mbalizi, nusu ya njia, peke yangu, wauza viazi wa barabarani wakinishangilia, nikaanza kupanda kurudi mjini, na hapo miguu ikagoma. Wale wa Arusha wakanifikia, nao hoi. Bupe, niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja kambini, alitupita sote pale Iyunga bila kugeuza shingo.

Mwalimu alinikuta nimejilaza kwenye nyasi, natapika maji matupu. Alivua sweta lake akanifunika. "Miguu unayo, mwanangu," akasema kwa upole. "Moyo ndio huna."

Angenitukana ningepona. Ule upole ndio ulioniingia.

Niliacha mbio mwaka uleule. Chuo cha uuguzi nilikiacha mwaka wa pili, wiki mbili kabla ya mitihani, kwa sababu nilishajijua: mimi ni wa kukatikia njiani. Mwanamume aliyekuja kunichumbia nilimkimbia mwenyewe, kabla hajaugundua upungufu wangu. Leo nashona magunia kwenye mashine ya mpunga Ubaruku, na kila msimu tajiri wangu akiniomba niwasimamie wenzangu, namwambia sitaweza. Nimekuwa nikilisema hilo bila aibu yoyote, kama mtu anayetaja kabila lake.

Nikamtafuta Bupe kwa macho. Alikuwa amekaa mbele, safu ya wageni, ametoka Mbeya alfajiri na gari lake. Yeye hakucheka. Alikuwa akikunjakunja pindo la kitenge chake, na kwa jinsi alivyokwepa macho yangu nikajua alikuwa akilijua jambo hili tangu siku ile.

Si ile nafasi iliyoniuma. Bupe alinizidi kwa mbio za kumalizia, hata mimi nilijua. Mwalimu angeniambia, "Paska, mvute mwenzio," ningemvuta mpaka nianguke, na ningeanguka nikijua nimetimiza kazi yangu. Lakini alinidanganya, na nilipoanguka kwa sababu ya uongo wake akaniambia kasoro ni yangu.

"Sasa tupate neno fupi la wanariadha," msemaji wa familia akatangaza. "Dada Paskalina."

Karatasi niliyoiandika ndani ya basi ilianza kwa maneno "Baba yetu mpendwa". Niliikunja, nikakipokea kipaza sauti.

"Hilo alilolisema mzee Ambrosi," nikasema, "mimi nimelisikia leo."

Nikakirudisha kipaza sauti, na safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Ambrosi alikuwa ameshika kofia yake kifuani, anatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta wa kumweleza amekosea wapi.

Niliporudi kwenye mkeka wa wafiwa, mjane wa Mwalimu, Mama Sifaeli, alinishika goti. "Alisema atakwambia, mwanangu," akaninong'oneza. "Alikuwa anatafuta siku nzuri."

"Mama, mwezi uliopita nilimuuguza wiki tatu pale hospitali. Nimemlisha uji kwa kijiko. Tulikuwa wawili tu."

Aliuondoa mkono wake taratibu, akajifunika uso kwa khanga.

Kwaya ikaanza kuimba. Msemaji akaomba watu wapange mstari kwenda kuuaga mwili, wanariadha watangulie. Bupe alisimama, akageuka, akanisubiri. Walionizunguka pia walisimama, mmoja akaninyooshea mkono kunisaidia kuinuka.

Nilibaki nimekaa.