Gab, Deg, Bud

Maji yalikuwa yamerudi mtaani Kware, lakini yaliishia mferejini pale chini, na Kweyu hakutaka kabisa kupandisha mtungi hadi ghorofa ya sita. Dada yake Beldina, anayesomea lugha chuo kikuu, akaleta mchezo.

"Kuna lugha ya kale iliyozaa lugha nyingi za Wazungu na za Wahindi," akasema. "Wataalamu wameiunda upya. Mzizi wa neno lake hauanzi kwa b, d au g kisha ukaishia kwa mojawapo ya hizo. Tunga mzizi. Ukivunja sheria, unabeba maji."

"Rahisi hivyo? Gab."

"Mtungi ule pale."

"Ngoja, hiyo nilikuwa napasha koo moto. Deg."

Beldina alicheka mpaka akashika ukuta. Kweyu akaona anarogwa, maana kila akifungua mdomo zinatoka herufi za marufuku tu.

"Bud," akajaribu tena, akajihurumia mwenyewe.

Akateremka, akajaza, akapanda akihema. Kwenye ngazi za ghorofa ya tatu alikaa mtoto wa jirani, mashavu yamejaa uji.

"Gag, dad, bab," mtoto akamsalimia.

Kweyu akautua mtungi mbele yake kwa heshima zote. "Pole, mzee. Sheria ni sheria. Zimebaki ghorofa tatu tu."