Ukingo Uliokuwa Ukisogea

Siku hiyo Suqin aliwakuta kombe juu ya tope, wamejilaza wazi kama waliofukuzwa kwao. Kombe wale wa gamba refu, wembamba kama kidole, huishi chini sana ya tope. Ukiwataka, mkono unazama mpaka begani. Yeye alijaza ndoo bila kutoa jasho, na badala ya kufurahi, akageuka kutazama baharini.

"Leo una bahati, dada," alisema jirani yake Baoying, akiteleza kwenye ubao wake, goti moja juu, mguu mwingine ukipiga tope.

"Si bahati. Hawa wanakimbia kitu."

"Wanakimbia mkono wako!"

Jioni akamweleza mumewe. Maosong alikuwa fundi wa pampu kwenye meli ya kufyonza mchanga, mdomoni mwa ghuba. Mchanga huo ndio uliojenga maghorofa ya miji yote ya pwani ya Fujian, na ndio uliomsomesha binti yao Jiahui. Kombe wa Suqin walinunua mboga.

"Mnachimba karibu yetu," Suqin alisema.

"Karibu wapi? Sisi tuko kule nje, nyinyi huku. Mama Jiahui, ukiona kombe wawili wamelewa, basi dunia imekwisha!"

"Kuna ukingo mpya kule mbele, tope limekatika wima, na unasogea huku kwetu. Jana nilishindwa kufika kwenye vigingi vya kufugia chaza."

Maosong alicheka, wali mdomoni. "Kesho sina zamu. Nitakuja niusimamie huo ukingo wako."

Kesho yake maji yalipokupwa akatoka na mabuti yake, bila ubao, wanawake wakimtania kwamba bwana mchanga amekuja kuomba kazi. Akaenda mpaka mwisho wa tope, akageuka, akapunga mkono.

"Haya! Dunia inaishia wapi?"

Suqin alisikia kwanza kishindo kizito, kama gunia la mchele limeangushwa chumba cha pili. Ufa ukapita mbele ya magoti yake. Kipande kizima cha tope kikaanza kwenda, taratibu, mumewe juu yake, mkono bado hewani.

"Lala! Lala kifudifudi!" Suqin akapiga kelele.

Maosong alikuwa amezama mpaka kiunoni. Suqin akausukuma ubao wake kuvuka ufa, akamrushia kamba, na yeye na Baoying wakavuta mpaka viganja vikachubuka. Mtu akatoka, mabuti yakabaki. Nyuma yake maji ya kahawia yakapafunika pale aliposimama.

Nyumbani Maosong aliosha miguu, akaiosha tena.

"Tumechimba mpaka chini yenu," alisema mwishowe.

"Mwambie bosi wako."

"Nimempigia."

"Amesemaje?"

"Amesema kuna mabuti mapya melini."

Asubuhi akavaa koti la kazi. Suqin akasimama mlangoni.

"Unakwenda kweli, baba Jiahui?"

"Nisipokwenda mimi, kabla ya chai watakuwa wameweka mwingine." Hakumtazama. Akapita ubavuni mwake, akaenda.

Suqin akapita nyumba hadi nyumba, akiwaomba wanawake wasishuke topeni. Baoying peke yake alikubali kubaki. Wengine walisema sikukuu imekaribia, bei ni nzuri, na yeye tayari ana mume wa mshahara.

Kutoka juu ya ukuta wa bahari akawaona wameinama mbali, na nyuma yao mstari mweusi wa ukingo, karibu zaidi kuliko jana. Akaita. Mmoja akainuka, akapunga mkono, akaendelea na kazi.

Suqin akachukua kamba ile ile, akashuka topeni kuwafuata.