Akina Masila Kumi na Mmoja

Jumatano saa nne asubuhi, Kitavi alipanda ngazi hadi duka la kuchapisha, ghorofa ya pili, karibu na River Road. Akaweka bahasha mbele ya Wangu, aliyekuwa akipanga kurasa. Alihitaji programu mia tatu za mazishi ya babake, Masila, kabla ya saa kumi.

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha moja ya zamani. Masila alisimama studioni kwa suti ya kijivu, akicheka, mkono wake ukiwa begani mwa Munyiva, mke wake wa kwanza. Picha zake zote zilizokuwa nyumbani Loresho zilimwonyesha amenuna kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kwa hiyo Mwelu, mke wa pili na mama yake Kitavi, alimtuma mwanawe hadi mtaa wa Uthiru, kwa Munyiva, akaiazime hiyo moja.

Munyiva aliitoa kwa sharti: jina lake liandikwe kama mjane. Makaburini, emsii anayeongoza shughuli husoma majina kutoka kwenye programu. Asiyeandikwa haitwi kuweka shada. Kitavi alijibu, "Sawa, mama."

Sasa alimwambia Wangu, "Huyu mama atoke."

Wangu akamkata Munyiva kwenye kompyuta. Masila akaacha kucheka, akatoka nje ya picha. Likabaki pazia la studio.

"Ameenda," Wangu alisema.

"Mrudishe."

Wangu akafuta alichofanya. Munyiva akarudi, na mzee nyuma yake, akaweka mkono begani. Akamkata tena. Mzee akatoka tena, safari hii kwa haraka.

"Marehemu wa wiki jana alifumba macho tu," Wangu alisema. "Huyu wako ako na kichwa ngumu, boss."

Kitavi akatoa simu, akatafuta zile picha za kununa. Zilikuwa kumi. Kwenye harusi, Mwelu alikuwa akilisha hewa keki. Siku ya kustaafu, mkurugenzi alimpa cheti mtu asiyekuwepo. Kitavi akazipitia zote mara mbili.

"Usiwatafute huko," Wangu alisema. "Wako hapa."

Picha ya studio yenyewe, ile ya karatasi iliyokuwa mezani, ilikuwa imejaa. Akina Masila kumi na mmoja, wengine vijana, wengine wenye mvi, mmoja akiwa na gauni la hospitali, walibanana pande zote za Munyiva. Wote walikuwa wakicheka.

"Si umwandike tu huyu mama? Ni mstari mmoja," Wangu alisema alipoambiwa lile sharti.

Kitavi akapiga simu nyumbani. Alisema "ndiyo, mum" mara nne, ya mwisho kwa sauti ndogo sana.

"Chapisha pazia," alisema.

"Bila mzee?"

"Mum anasema watu wanamjua."

Ijumaa, programu ziligawiwa makaburini. Jalada lilikuwa na pazia la rangi ya maziwa, na chini yake maneno: *Mume mpendwa wa Mwelu.* Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na Masila alivaa miwani, akalitazama vizuri.

"Hapa ametokea."

"Sura yake kabisa," jirani yake aliitikia.

Munyiva alikuja na binti yake, Ndanu. Alisoma programu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaianza upya. Kitavi alimrudishia bahasha yenye picha bila kumtazama usoni.

"Ulisema utaniandika, Kitavi."

"Nafasi iliisha, mama."

Ukurasa wa nyuma ulikuwa mweupe, mtupu.

Emsii alimwita mjane, akaja Mwelu. Akaita watoto, ndugu, wazee wa kanisa, kisha chama cha akina mama wa Loresho. Bahasha ikaanza kutikisika mkononi mwa Munyiva.

"Tulieni," aliwaambia waliokuwa ndani.

Emsii akageuza programu, akaona imeisha. "Kama kuna jirani wa zamani ameachwa, aje sasa, tufunge."

Ndanu alimshika mamake mkono asiende. Munyiva akautoa polepole, akampa bahasha, akaokota ua moja lililodondoka kwenye shada la Mwelu, akaenda kaburini.