Mwonja Chumvi

Hakuna mtu aliyemkosea Mbithe. Muhula wa kwanza alihudhuria kila darasa, akaandika mpaka kidole kikaota sugu. Aliporudi chuoni Januari, baada ya kumsaidia bibi yake kuvuna ndengu kule Kyuso, kitu ndani yake kilizimika polepole, kama meko inayoishiwa gesi: moto unashuka, unashuka, mpaka sufuria haichemki tena. Akawa analala mchana. Alisikia wenzake wakifunga milango na kwenda darasani, akasikia mabati ya hosteli yakilia ta, ta, kwa jua la Kwa Vonza, na yote hayo yalikuwa kama mambo ya nyumba ya jirani.

Susu Kalekye, bibi yake aliyemlea tangu akiwa mchanga, alipiga simu kila jioni.

"Umekula, mwana wakwa?"

"Nimekula, Susu."

"Na masomo?"

"Yako sawa."

Hakuweza kumwambia kwamba Jumamosi angerudi nyumbani, na chuoni hangerudi tena. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda. Alikuwa ametia hata zile ndengu alizopewa na Susu, mfuko ukiwa bado umefungwa kwa kamba yake ya katani.

Alikaa chumba kimoja na Ismahan, binti wa Guled, mfanyabiashara wa mbuzi wa Mwingi. Ramadhani ilikuwa imeingia. Kila jua lilipotua, Ismahan alitandika leso sakafuni kati ya vitanda, akapanga tende, sambusa na vikombe viwili vya uji. Simu yake ikiadhini, alimtilia Mbithe tende mkononi kabla hajatia yake mdomoni. Mbithe alikula kwa kuwa kitu kilikuwa mkononi. Hakujiuliza kwa nini vikombe vilikuwa viwili.

Alhamisi, Ismahan alilamba vidole, akamtazama.

"Mbithe, mfungo wa kanisa lenu unaisha lini?"

"Mfungo gani?"

"Si huu wako! Mchana huli, hutoki, umelala umetulia. Nikajua unaomba. Nyinyi si mnafungaga wiki nzima mkiwa na maombi?"

"Mbona hukuuliza?"

"Mtu aliyefunga haulizwi, ni adabu. Hata Mutindi wa hapo kando nilimwambia apunguze redio, kuna mtu wa maombi huku. Akapunguza."

Mbithe alikumbuka kwamba redio ilikuwa imenyamaza siku nyingi. Akageuka kuutazama mtungi wake wa maji mlangoni. Ulikuwa umejaa, na yeye hakuwa amekwenda bombani.

"Hayo maji..."

"Aliyefunga hachoshwi," Ismahan alisema.

"Sijafunga, Ismahan." Sauti ya Mbithe ilitoka kavu. "Sisikii njaa. Sisikii kitu. Jumamosi naenda nyumbani, na sirudi."

Alingoja kuchekwa. Ismahan alikunja pembe ya leso, akaikunjua.

"Susu anajua?"

"Bado."

"Walahi, na mimi nilikuwa najisifu nimepata mwenzangu wa saumu!" Kicheko kilimtoka, kikakatika. "Baba husema mbuzi wa Kyuso hanenepi upesi, lakini hafi upesi pia."

"Kwa hiyo mimi ni mbuzi?"

"Wa Kyuso. Sikiliza. Kesho nina darasa mpaka magharibi. Sitapata wakati wa kupika. Wewe hujafunga, basi utanipikia na utaonja chumvi. Mimi nimekuwa nikiitia kwa kukisia tu, na wewe umekula ukinyamaza. Juzi mchuzi ulikuwa maji ya bahari!"

"Sikujua," Mbithe alisema. Hakika hakujua.

Ijumaa alilala mpaka adhuhuri, kama kawaida. Kisha akakumbuka kwamba kuna mtu angerudi na njaa ya kutwa. Alilivuta begi, akatoa nguo zilizokuwa juu, akautoa mfuko wa ndengu. Kuifungua ile kamba kulimchukua muda. Alizichagua mawe kwenye sinia, akazibandika motoni, akaenda sokoni kutafuta vitunguu. Kwenye ngazi Mutindi alimwambia, "Umemaliza maombi? Ulituombea na sisi?" Mbithe alisema, "Kidogo." Lilikuwa neno tu.

Ndengu zilipoiva aliweka tone kiganjani, akaonja. Hakupata kitu. Akangoja, akaonja tena. Chumvi ilikuwa imepungua. Alisimama na kijiko mkononi, amekitazama. Imepungua. Aliongeza kidogo, akaonja mara ya tatu.

Ismahan aliingia midomo imekauka, akanusa, akatupa mkoba kitandani. Aliliona begi limefunguka na nguo zimelala sakafuni. Alinawa mikono.

"Na kesho?" aliuliza, akiwa amempa Mbithe mgongo.

"Kesho siendi. Kesho kutwa sijui."

"Hata mimi kesho kutwa siijui. Jumatatu una darasa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuamsha. Nitakumwagia maji."

Mbithe alitandika leso, akapanga tende, akaweka vikombe viwili. Simu yake ikalia kabla ya ile ya Ismahan kuadhini.

"Umekula, mwana wakwa?"

"Bado, Susu," Mbithe alisema. "Namngoja mwenzangu afungue saumu."