Kanisa la Mgongo wa Ramani

Usingizi unamkamata Katekista Desderi Kipeta mchana kweupe, Jumamosi, akiwa ameketi kwenye benchi la wanawake katika kanisa la kigango cha Kalembwe, huku juu Ufipa, akimsubiri Fundi Oresti aje na kamba na vigingi. Kesho baada ya Misa Desderi atasema neno moja mbele ya waumini: kanisa hili livunjwe lijengwe jipya, au libaki. Paroko amekataza mtu yeyote kugusa tofali kabla ukoo wa Kipeta haujasema, maana babu yake Desderi ndiye aliyelijenga, na wa ukoo huo amebaki Desderi peke yake. Neno lake liko tayari. Livunjwe. Amechoka kuchekwa.

Kanisa hili ni kichekesho cha parokia nzima. Bruda aliyechora ramani yake alishikwa na homa, akaondolewa kwa machela kabla msingi haujachimbwa, na mzee Kipeta, ambaye kusoma hakujua, akaibandika karatasi ile dirishani ili mwanga uionyeshe mistari vizuri. Akaibandika nyuma mbele. Basi mnara uliochorwa kulia ukasimama kushoto, madirisha sita makubwa ya kusini yakahamia kaskazini, na kusini ukabaki ukuta mtupu wa matofali ya kuchoma, mnene, usio na hata tundu la ndege. Vijiji jirani vinaliita Kanisa la Mgongo. Desderi huwatangulia watu kulicheka, ili wasipate nafasi ya kumcheka yeye. Miaka arobaini sasa.

Kope zinashuka, na mlango wa sakristia unafunguka wenyewe. Anaingia akitegemea kuona kabati la kanzu za Misa, anakuta barabara. Barabara inapita kati ya mashamba ya ulezi, inapinda, inajirudia, inampitisha penye kisima kilekile mara tatu, na kila mara kisima kiko upande mwingine. Hashangai, kushangaa ni kazi ya walio macho. Mara ya tatu, kisimani amesimama mtu mwenye koti refu, na uso wake ni kama ukuta uliopigwa lipu jana, laini, hauna jicho wala mdomo. Kitendawili, anasema mtu huyo. Tega, anajibu Desderi, kwa kuwa amelelewa vizuri. Mjinga wa kiangazi, mwerevu wa kipupwe. Desderi anawaza, anawazua, anashindwa. Basi nipe mji, anasema asiye na uso. Nakupa Kalembwe, anasema Desderi, chukua, wala hutapata hasara wala faida. Nimekwisha kuichukua, anajibu yule, na anatangulia.

Na kweli, mbele yao ni Kalembwe, ila imegeuzwa: mteremko kilipokuwa kilima, kilima ulipokuwa mteremko, na katikati kanisa kama Bruda alivyolichora. Mnara uko kulia. Desderi anafurahi waziwazi, anapangusa viatu, anaingia kifua mbele. Madirisha sita yanatazama kusini, marefu, mazuri. Kisha kipupwe kinaingia kwa yote sita. Upepo wa uwandani unapiga mbao za madirisha, unazima mishumaa ya altare, inawashwa, unazima, inawashwa, unazima. Kwenye mabenchi ya kusini, ambako wanawake wa Kalembwe huketi tangu zamani, akina mama wamejikunyata, watoto wanakohoa migongoni. Mmoja mmoja wanainuka na kutoka. Wa mwisho ni Skolastika, mama yake Desderi, aliyezikwa zamani, sasa ni msichana mbichi mwenye kichanga ndani ya blanketi. Mama, kaa, Misa haijaisha, anamwambia Desderi. Ungekuwa wewe uliyembeba, ungekaa? anauliza Skolastika, na anafunua blanketi. Mtoto ni Desderi mwenyewe, midomo imekuwa ya buluu. Desderi anaogopa, anaogopa sana. Anamgeukia asiye na uso: babu yangu alikosea, au alijua? Ramani ina pande mbili, anajibu yule, upepo una mmoja. Nirudishie mji wangu, anasema Desderi. Jibu kwanza. Anafungua kinywa, na mkono unamtikisa bega.

Mwalimu, anasema Fundi Oresti, samahani kukuamsha, jua linakwenda. Mimi naona tuanzie ukuta huu wa kusini, hauna hata dirisha, utatusumbua mbele ya safari. Nje upepo unavuma, Desderi anausikia ukijigonga kwenye matofali. Anainuka, anawasha mshumaa, anausimamisha kwenye benchi, chini ya ukuta ule. Ulimi wa moto unasimama wima, hautikisiki. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye huyu, machozi yanamtoka mbele ya fundi wake.

Ndilo hili, anasema Desderi. Jibu ndilo hili kanisa.

Jibu la nini, Mwalimu? anauliza Oresti. Mimi Jumatatu niwalete vijana wa kuvunja, au nisiwalete?

Usiwalete. Kunja kamba yako, mwanangu. Nimelicheka miaka arobaini, nami nimelelewa ndani yake bila kupigwa na baridi hata siku moja.

Oresti anakunja kamba taratibu, anamtazama kwa pembe ya jicho. Fundi, anasema Desderi, mnara uko upande gani?

Kushoto, Mwalimu. Ulipo siku zote.

Desderi anashusha pumzi. Lakini hatoki nje kuutazama. Anaegemeza mgongo ukutani, na anakaa kuulinda mshumaa hadi uishe.