Mama Lea Anasubiri Gari

Kila jioni, jua likianza kuelemea upande wa vichaka, Manase hukung'uta mchanga kwenye mikeka ya bajaji yake, hufuta kioo kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha huisukuma mpaka ukutani mwa zahanati ya Msangaluni na kuiegesha. Injini haiwashi, mafuta ni ghali. Hufungua redio tu. Redio hukohoa, halafu huanza kutoa habari za India kwa Kihindi, na Manase huelewa zote, ingawa shuleni hata Kiingereza kilimpiga chenga. Muziki wa taarifa ukiisha, mkewe Evodia huinuka kwenye benchi la barazani, hushika kiuno kama washikavyo wajawazito, hushuka ngazi polepole na kuja kuketi kiti cha nyuma. Evodia alizikwa mwaka juzi, baada ya mavuno ya mtama.

"Leo wamesemaje, Baba Lea?" huuliza.

Naye Manase humweleza.

Zamani redio ile ilikuwa ya kawaida, ya mapambio na mpira wa Simba na Yanga. Ilibadilika siku walipoanua matanga. Manase aliipeleka kwa fundi kule mjini Itigi, fundi akaifungua, akaifunga, akasema haina tatizo. Alisema bajaji ilitoka India ndani ya kreti, na mtu akienda mbali hukumbuka kwao, sembuse chombo. Manase alilipa, akarudi zake. Huko kwetu bara watu hawapendi kubishana na fundi.

Wanaume wa kijiweni walianza kuja kusikiliza, na Manase akawa mkalimani wao. Mzee Chediel, mwenyekiti wa kijiji, alilalamika mara moja tu, kwamba taarifa zinaelemea upande mmoja. Baada ya hapo alizoea, akawa na chama chake kulekule India. Jambo moja lilimfurahisha kila mtu: siasa za India hazikuwa na mwenyewe pale Msangaluni. Wanaume ambao wakitaka kumsema diwani wao hugeuka kwanza kushoto na kulia, waliwatukana mawaziri wa Delhi kwa sauti pana mpaka mate yakawaruka. Hakuna aliyeitwa ofisini. Waliwatukana watu wasiowajua kwa hasira wanazozijua, wakaenda kulala wamepumua.

Manase yeye alipenda habari za magari. Alipenda kusikia kwamba huko bajaji ni nyingi kuliko mbuzi, kwamba madereva wake wakikasirika wanazima injini kwa siku moja na jiji zima linasimama. Aliifikiria sana siku hiyo. Yeye akizima injini Msangaluni, hata kuku hawatajua.

Gari ndilo lililomuua mkewe, au tuseme ukosefu wake. Na ukitaka haki itendeke kwenye kusema, hakuna aliyewaibia gari hilo.

Gari la wagonjwa lilipoletwa Msangaluni, watu walilipokea kama bibi harusi. Walilifunga matawi, wakachinja mbuzi, kwaya mbili zikaimba, shehe na mwinjilisti wakaliombea kwa zamu. Kabla yake mgonjwa alibebwa kitandani kwa miti mpaka Itigi, mchanga ukiwafika wabebaji kwenye vifundo vya miguu. Walilijengea banda la mabati kwa michango yao. Lilikaa bandani majuma machache, likameremeta. Halafu kampeni zikafika.

Mgombea alikuja na gari refu, jeusi, la chini, gari la lami. Kina mama wakatandika kanga kutoka mlangoni mwa gari mpaka jukwaani, kama ilivyo desturi, mguu wa mheshimiwa usiguse mchanga. Kanga ya Evodia, mwenye mimba ya miezi saba, ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Ilikuwa mpya, na maandishi yake yalisema *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Mgombea aliikanyaga kwa kiatu cha kushoto na alama ya soli ikabaki pale. Evodia aliifua kwa kila sabuni ya dukani, haikutoka. Hakujali. Aliwaonyesha majirani.

Hotuba ilipokwisha, gari refu lilizama kwenye mchanga mpaka milangoni. Walisukuma, likazidi kuzama. Mheshimiwa alikuwa anangojwa Kilimatinde, na kumwacha mgeni alale njiani ni aibu ya kijiji kizima. Mzee Chediel akasimama akauliza nani anaafiki mgeni aazimwe gari la wagonjwa kwa leo tu. Mikono yote ikapanda. Evodia alinyoosha yote miwili. Mheshimiwa akaketi mbele, wapambe wake wakaketi kwenye kitanda cha wagonjwa, king'ora kikawashwa, na watoto wakalikimbiza mpaka lilipopotea vichakani. Gari jeusi halikuja kuchukuliwa. Siku hizi kuku hutagia ndani yake.

La wagonjwa nalo halikurudi. Ilionekana linafaa sana kwenye misafara, maana king'ora chake kinafungua njia. Lilitoka mkutano huu likaingia mkutano ule, na uchaguzi ulipokwisha likaingia kwenye ziara za kushukuru.

Evodia alianza kutoka damu kabla ya wakati wake. Manase alitaka kumpakia kwenye bajaji, nesi Dorkas akakataa. Njia ile ingemtikisa mpaka imuue, na bajaji ingekwama kwenye korongo la kwanza. Alikuwa anasema kweli. Alipiga simu, akajibiwa kwamba gari liko njiani. Akainama karibu na sikio la Evodia, akamwambia, "Tulia hapahapa, mama. Subiri gari."

Evodia akasubiri. Alisubiri mchana kutwa, akilitazama beseni lake la kujifungulia alilolifungasha mwenyewe, na ilipofika saa ya kufungia kuku hakuweza tena. Walimzika na mtoto ndani yake.

Asubuhi iliyofuata kuanua matanga, nesi Dorkas alipokuja kufungua zahanati, alimkuta kwenye benchi na ile kanga yake yenye kiatu. Akamsalimu, akampima presha, haikuwepo, akampa maji ya kunywa. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini pale. Alikuwa ameambiwa asubiri gari, na Evodia tangu usichana wake hakuwa mtu wa kukaidi.

Lea, binti yao, hupita hapo akitoka shule. Humwamkia mama yake shikamoo, hutega sikio kwenye tumbo, husikia mateke, kisha huenda kuteka maji. Mtoto amemchagulia jina mdogo wake. Manase humtazama na roho humuuma, uchungu wa kweli, usio na maneno, na huo hauchuji. Anachokitaka duniani ni kimoja tu: gari lije, mkewe apande, safari aliyoianza iishe. Iishie kwenye kuzaa au iishie kwenye kupumzika, yeye hachagui.

Jioni moja redio ilitangaza kriketi. Manase alimweleza Evodia kwamba ni mchezo unaochezwa siku tano, wachezaji wakipumzika kunywa chai, na mara nyingine siku tano zikiisha hakuna mshindi, watu wanapeana mikono na kuondoka.

"Na waliokuwa wanasubiri?" Evodia aliuliza.

"Wanarudi kwao."

Evodia alikuwa ameupenda mchezo ule. Alisema unafanana na maisha ya watu wazima.

Jioni nyingine ilikuwa habari ya uchaguzi. Huko India kuna msitu wenye simba, na ndani ya msitu anaishi mpiga kura mmoja. Sheria yao inasema mtu asitembee mbali kuifuata kura yake. Basi maofisa walifunga safari na mashine, na askari, na vyakula vyao, wakaingia msituni, wakaweka kituo, wakamngoja mtu yule mmoja apige kura. Alipopiga, wakafungasha.

Wanaume wa kijiweni walisifu sana. Mzee Chediel alisema hiyo ndiyo demokrasia. Evodia aliuliza kutoka kiti cha nyuma kama mtu yule alikuwa mgonjwa.

"Hapana," Manase akamjibu. "Alikuwa mzima."

"Kwa hiyo wamekuja kuchukua kura."

"Kura tu."

Evodia akaiweka vizuri kanga yake magotini, kiatu kikatazama juu. Mzee Chediel aliaga mapema kuliko kawaida.

Mwaka huu diwani alifariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Manase aliposikia kwamba vifaa vya kituo cha Msangaluni vitaletwa na gari la wagonjwa, jioni ile hakufungua redio. Alifua nguo za mtoto, akazianika, akazikunja. Akalitoa beseni, akapanga ndani yake kanga mbili safi, nyembe, uzi, mpira wa kulalia na glavu, akalifunga kwa shuka. Lea alitia na kofia aliyoifuma mwenyewe, upande mmoja mkubwa kuliko mwingine.

Siku ya kura king'ora kilisikika kabla gari halijaonekana. Lilikuwa limechakaa, lina picha za watu watatu tofauti zilizobandikwa moja juu ya nyingine, lakini lilikuwa lenyewe. Evodia aliinuka kwenye benchi. Manase akamshika mkono, wakaenda.

Msimamizi wa kituo alikuwa kijana mpole wa Manyoni aitwaye Innocent. Aliteremsha masanduku, akapanga meza kivulini, akatangaza kwamba wazee na wajawazito wapite mbele. Watu wakampisha Evodia. Jina lake lilikuwa bado limebandikwa ukutani, picha ya kadi ilifanana na sura, wakala wa chama hiki hakuwa na pingamizi, wa kile hakuwa na pingamizi. Innocent alipomshika kidole kukipaka wino alisema mama una baridi, ungevaa sweta. Evodia akamshukuru. Akaingia nyuma ya pazia, akakaa kidogo, akatoka, akatumbukiza karatasi sandukuni. Alikuwa mpiga kura wa kwanza Msangaluni.

Kisha akaenda kusimama mlangoni mwa gari na beseni lake. Alisimama hapo mpaka kura ya mwisho ilipohesabiwa, hakukubali kurudi kukaa.

Masanduku yalipoanza kupakiwa, Innocent alimkuta hapo. Alisikitika, na Manase aliuona uso wake, hakuwa anaigiza. Alieleza kwamba gari lenye kura halichanganywi na mgonjwa, na kwamba kitandani pamejaa. Kweli pamejaa. Masanduku yalikuwa yamelazwa juu ya godoro na kufungwa mikanda ili yasitikisike njiani.

"Bwana mdogo," Manase alisema, "huyu mke wangu ndiye wa kwanza kwenye foleni ya gari hili. Nina miaka miwili namwona hapa."

"Na kwenye ya kura alikuwa wa kwanza, mzee. Nimemshuhudia mwenyewe."

"Sasa?"

Innocent akamgeukia Evodia, akamwinamia kwa adabu. "Mama yangu, masanduku yakifika tu, gari linageuza. Subiri."

"Nimeelewa, mwanangu," Evodia akasema. "Nendeni salama."

Gari likawashwa, likasogea kidogo, likazama. Watu wakaja kusukuma. Manase alisimama pembeni, akawaza kwamba lisipotoka leo litalala hapa, na likilala hapa masanduku yataletewa gari lingine, na hili litabaki bure. Akawaza pia kwamba likikaa hapo masanduku yakiwa ndani, watakaokuja watakuwa askari. Mzee Chediel akamwita kwa jina, akamwambia kadiri litakavyowahi kufika ndivyo litakavyowahi kurudi. Manase akaweka bega, akasukuma. Alisukuma kuliko wote. Lilipochomoka lilimrushia mchanga usoni, king'ora kikalia, watoto wakalikimbiza. Aliichukia mikono yake jioni ile, aliichukia hata wakati wa kula.

Majuma yakapita, gari halikugeuza. Diwani mpya aliapishwa, akaenda kwenye semina. Benchi la zahanati lilivunjika mguu mmoja, nesi Dorkas akaliegemeza kwa tofali ili Mama Lea asianguke.

Jana Manase aliegesha bajaji palepale. Redio ikakohoa. Kulikuwa na bei za vitunguu, waziri aliyehama chama, ng'ombe aliyelala katikati ya barabara kuu na magari yakamsubiri mpaka alipoamua. Kriketi ilikwisha siku ya tano bila mshindi, mvua iliingia. Evodia alisikiliza yote, akikisugua kidole chake kwa pindo la kanga. Wino wa walio hai ulikwishafutika zamani. Wake ulikuwa bado mbichi.

"Baba Lea," akasema, "uchaguzi mwingine lini?"

Manase alimwambia kwamba mkuu bado miaka kadhaa. Mdogo, labda diwani huyu naye afe.

"Ana umri gani?"

"Kijana tu. Ana afya."

Evodia akafikiri. Akajifunga kanga vizuri tumboni, akashuka, akakaza beseni kwapani.

"Basi ngoja nikakae," akasema. "Mtu asije akanichukulia nafasi."

Akapanda ngazi polepole, akiwa ameshika kiuno. Manase alimngoja akae sawasawa kwenye lile benchi la tofali, kisha akafunga redio ili betri isiishe.